Ndege Hawakuanza kwa Kuruka

Wanaotembelea kumbi za visukuku huuliza mengi, lakini swali moja halikosi: je, ni kweli kwamba kuku ni dinosaria? Jibu ni ndiyo, na wala si kwa mafumbo. Kanuni zilezile za uainishaji zinazomweka popo kwenye kundi la mamalia ingawa anaruka ndizo zinazowaweka njiwa, mbuni, pengwini na ndege wengine wote, takriban spishi 11,000, ndani ya dinosaria. Wako kwenye tawi la theropodi, dinosaria waliotembea kwa miguu miwili, wakiwemo Tyrannosaurus rex na Velociraptor.

Wanaolikataa jibu hilo kwa kawaida wana picha fulani kichwani: mjusi mkubwa mwenye magamba, halafu siku moja mayai yake yanatoa watoto wenye mabawa. Hakuna mtaalamu anayedai hivyo. Visukuku vinasimulia habari nyingine kabisa. Manyoya, mitulinga iliyoungana kifuani, mifupa yenye uwazi, kuatamia mayai, kifundo cha mkono kinachojikunja kwa upande: kila kimoja kilianza kwa wakati wake, na karibu vyote vilianza kwa wanyama wa nchi kavu ambao wasingeruka hata wangesukumwa kutoka juu ya jabali.

Mjadala wenyewe ulianzia Solnhofen, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Miaka milioni 150 iliyopita hapo palikuwa na mahodhi ya maji ya bahari yaliyotulia, yaliyozungukwa na visiwa na miamba. Maji ya chini yalikuwa na chumvi nyingi na oksijeni kidogo, hivyo mzoga uliozama haukukuta mdomo wa kuutafuna. Tope laini la chokaa liliufunika na kuganda, tabaka juu ya tabaka. Jiwe lake ni laini kiasi kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 18 wachapishaji wa picha walilitafuta sana, na wachimbaji wakawa wanalipasua kwa mkono, bamba moja baada ya jingine, wakikagua kila uso wa jiwe. Bila kazi hiyo ya uchapishaji, huenda visukuku vile vingebaki ardhini hadi leo.

Mwaka 1861, miaka miwili tu baada ya Charles Darwin kutangaza nadharia yake ya mageuko, Hermann von Meyer alieleza unyoya mmoja uliotoka kwenye mawe hayo, akatoa jina Archaeopteryx lithographica. Haikupita muda kikapatikana kiunzi kizima, ingawa kichwa chake hakikuwa wazi. Kiliangukia mikononi mwa daktari Karl Häberlein, aliyekuwa akipokea visukuku kama malipo ya matibabu, naye akauza mkusanyo wake London kwa pauni 700. Kingine, kizuri kuliko vyote, kilichimbwa katikati ya miaka ya 1870 na sasa kipo Berlin.

Kiunzi hicho cha Berlin kinafaa kutazamwa kwa utulivu, hata kwenye picha. Shingo imepinda kuelekea mgongoni, mikono imetandazwa pande zote mbili, na kila unyoya umeacha alama yake kwenye jiwe, hadi mshipa wa katikati. Upande mmoja wa unyoya ni mwembamba kuliko mwingine, kama ilivyo kwa ndege wanaoruka leo. Sasa funika mabawa kwa kiganja. Kinachobaki ni mnyama wa ukubwa wa kunguru mwenye meno tayani, vidole vitatu vilivyoachana, kila kimoja na ukucha uliopinda, na mkia mrefu wa mifupa zaidi ya 20. Ndege wa leo hana hata kimoja cha hivyo akiwa mzima. Mkia wake wa mifupa ni kipande kifupi kinachoshikilia manyoya. Ondoa kiganja, na ndege anarudi.

Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, aliliona hilo. Alilinganisha mifupa hiyo na ya Compsognathus, dinosaria mdogo aliyetoka kwenye mawe ya umri uleule, na kati ya 1868 na 1870 akatoa hoja kwamba ndege na dinosaria ni ndugu. Ilikuwa hoja nzuri, ila baadaye ilizimwa kwa miongo mingi kwa sababu ya mfupa mmoja.

Mfupa wenyewe ni mtulinga. Kwa ndege, mtulinga wa kushoto na wa kulia umeungana mbele ya kifua na kuwa mfupa mmoja wenye umbo la V, unaotanuka na kurudi kila bawa linapopigwa. Gerhard Heilmann wa Denmark, msanii aliyejifunza anatomia kwa bidii kuliko wengi waliosomea, alipanga katika kitabu chake cha 1926 ufanano wote kati ya theropodi na ndege, kisha akaukataa undugu huo. Theropodi, alisema, hawana mitulinga, na kiungo kilichokwisha kupotea katika ukoo hakirudi. Kwa hiyo ndege walitokana na reptilia wengine, wa kale zaidi. Wasomi wakaridhika na jibu hilo, likawa ndilo linalofundishwa.

Ila mitulinga ilikuwepo. Oviraptor, aliyechimbwa Mongolia mwaka 1923, alikuwa nayo, tena imeungana vizuri, na ilionyeshwa katika maelezo ya kisayansi ya 1924. Tatizo ni kwamba ilidhaniwa kuwa mfupa mwingine. Mwaka 1936 dinosaria mdogo kutoka Arizona, Segisaurus, alielezwa akiwa na mtulinga, na hakuna aliyeshtuka. Ni mifupa myembamba. Mwili unapooza hujitenga mapema, na mchimbaji asiyeitarajia huihesabu miongoni mwa mbavu. Leo tunaijua kwa theropodi wengi, T. rex akiwa mmoja wao. Kwa maoni yangu, hakuna kisa kinachofaa kuwafundisha wanafunzi wa visukuku kuliko hiki: mantiki ya Heilmann ilikuwa sawasawa, na bado ilimpeleka pasipo, kwa kuwa kutoonekana kwa mfupa kulichukuliwa kuwa kutokuwepo kwake.

Aliyeufungua mlango tena ni John Ostrom wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1964 msafara wake ulipata huko Montana, Marekani, mifupa ya mwindaji wa urefu wa karibu mita tatu, mwepesi, mwenye ukucha mkubwa uliopinda kama mundu kwenye kidole cha pili cha mguu. Mwaka 1969 akamwita Deinonychus. Mnyama wa namna hii hakuendana na dinosaria wazito na wazembe waliokuwa wakichorwa vitabuni. Lakini kilichomshika Ostrom hasa kilikuwa kidogo sana: mfupa wa kifundo cha mkono, wenye umbo la nusu mwezi.

Kazi ya mfupa huo unaweza kuiona ukishika bawa la kuku na kulikunja taratibu. Kiganja hakipindi kuelekea ndani kama chako. Kinazunguka kwa upande na kulala kando ya mkono, ndiyo maana bawa hufungika na kubanwa mwilini. Msogeo huo unaongozwa na uso wa mviringo wa mfupa mdogo pale kwenye kifundo. Kwa kuku mzima mfupa huo umekwisha kuungana na mifupa ya kiganja, lakini kwenye kiinitete bado uko peke yake. Deinonychus alikuwa nao, na yeye hakuwa na mpango wowote wa kuruka. Yaelekea mkono unaojikunja hivyo ulimsaidia kuurusha mbele kwa kasi na kunasa mawindo. Miondoko inayofanana na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa pigo la bawa.

Mwaka 1970 Ostrom alikuwa Ulaya akichunguza terosaria, wale reptilia warukao ambao si dinosaria na wala si ndege. Katika Makumbusho ya Teylers mjini Haarlem, Uholanzi, aliletewa bamba lililokusanywa mwaka 1855 na kuandikwa kuwa ni terosaria. Alipoliinamisha kwenye mwanga akaona alama hafifu za manyoya, akalitambua kuwa Archaeopteryx. Kilikuwa kimechimbwa kabla hata jina hilo halijatungwa. Na hakikuwa peke yake: kielelezo kingine, kilichopatikana mwaka 1951, kilidhaniwa kuwa Compsognathus kwa miaka zaidi ya ishirini kabla manyoya yake hayajaonekana. Wataalamu wenyewe walishindwa kumtofautisha ndege wa kale na dinosaria mdogo mpaka watafute manyoya kwa tochi. Ushahidi wa undugu ulikuwa umo ndani ya kosa lenyewe. (Bamba la Haarlem limeendelea kusumbua: mwaka 2017 wataalamu Christian Foth na Oliver Rauhut walionyesha kwamba si Archaeopteryx bali jamaa yake, wakaliita Ostromia.)

Hoja za Ostrom zilikuwa na nguvu, lakini zilisimama juu ya mifupa tu. Wapinzani wakasema: tuonyesheni dinosaria mwenye manyoya. Mwaka 1996 akaonekana. Katika mkutano wa wataalamu uliofanyika New York, mtafiti kutoka China alikuja na picha za Sinosauropteryx, dinosaria wa urefu wa takriban mita moja aliyefukuliwa na mkulima katika jimbo la Liaoning. Kuanzia kisogoni, mgongoni, hadi ncha ya mkia, alikuwa na ukingo mweusi wa nyuzi laini. Ostrom, wakati huo akiwa mzee, alikuwepo kuzitazama.

Liaoning ilikuwa nchi ya maziwa na volkano miaka milioni 125 iliyopita. Majivu na tope jepesi vilifukia wanyama wakiwa wazima, na baada ya Sinosauropteryx milango ikafunguka. Mwaka 1998 alitangazwa Caudipteryx, mwenye manyoya kamili, yenye mshipa wa kati, yaliyojipanga kama pepeo kwenye ncha ya mkia na mikononi, ilhali mikono yenyewe ni mifupi mno kumbeba angani. Mwaka 2003 Xu Xing na wenzake wakaeleza Microraptor gui, mwenye manyoya marefu ya bawa mikononi na miguuni pia, yaani mabawa manne. Mwaka 2012 ikafika zamu ya Yutyrannus, jamaa wa T. rex, urefu mita 9, uzito wa karibu kilo 1,400, amevikwa nyuzi zilizofika sentimita 20. Huyo ndiye anayemaliza ubishi wa nini kilitangulia kati ya manyoya na kuruka, kwa sababu hakuna namna ya kumwaza Yutyrannus akiruka.

Manyoya hayo yametupa pia kitu ambacho tulipokuwa tukisoma tuliambiwa hakitajulikana kamwe, yaani rangi. Ndani ya unyoya kuna vijifuko vidogo vya rangi viitwavyo melanosomu. Vyenye umbo refu kama soseji hubeba rangi nyeusi. Vya mviringo hubeba wekundu wa kutu. Umbo hilo husalia kwenye kisukuku na huonekana kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 2010 watafiti walionyesha hivyo kwamba mkia wa Sinosauropteryx ulikuwa na pete za hudhurungi nyekundu zilizopishana na nyeupe. Mwaka huohuo ilielezwa rangi ya Anchiornis: mwili wa kijivu na mweusi, manyoya meupe yenye ncha nyeusi kwenye mabawa, na kishungi chekundu. Mkia wenye pete ni wa kuonwa na wengine. Manyoya yalipasha mwili joto, ndiyo, lakini pia yalikuwa pambo, au onyo, au maficho, zamani sana kabla hayajawa chombo cha kurukia.

Umaarufu wa visukuku vya Liaoning ulileta na biashara, na biashara ikaleta ulaghai. Mwaka 1999 jarida la National Geographic lilimtangaza Archaeoraptor, kiumbe mwenye kifua cha ndege na mkia wa dinosaria, kiungo kilichokuwa kikisubiriwa. Bamba lilikuwa limenunuliwa kwenye maonyesho ya mawe huko Arizona kwa dola 80,000, baada ya kutoroshwa kutoka China. Mtafiti Timothy Rowe alilipiga picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu, akaona kuwa ni vipande vingi vilivyogandishwa pamoja visivyolingana. Xu Xing, huko China, akapata bamba la upande wa pili la mkia uleule, likiwa na mwili wa mnyama mwingine. Mkia ulikuwa wa Microraptor, na mwili ulikuwa wa ndege wa kale aitwaye Yanornis. Wapinzani wa mageuko bado wanakitaja kisa hiki kama pigo. Mimi nakiona kinyume chake: waliokifichua ni wataalamu wenyewe, kwa muda wa miezi michache, na wanyama wote wawili waliogandishwa walikuwa halisi na kila mmoja akawa na maana kubwa peke yake.

Tabia nazo huacha alama, ingawa kwa nadra. Yule Oviraptor wa 1923 alikutwa juu ya kiota cha mayai, na mtaalamu wa visukuku Henry Fairfield Osborn akamchagulia jina linalomtuhumu wizi wa mayai. Miaka sabini baadaye, huko Ukhaa Tolgod katika jangwa la Gobi, yai la aina ileile lilipatikana likiwa na kiinitete ndani, na kiinitete hicho kilikuwa cha jamii ya Oviraptor mwenyewe. Kisha wakaonekana jamaa zake waitwao Citipati wakiwa wamekufa wamekaa katikati ya mayai, miguu imekunjwa, mikono imetandazwa juu ya duara la kiota. Huo ndio mkao wa ndege anayeatamia. Mshtakiwa alikuwa mzazi. Jina la kisayansi, hata hivyo, halifutwi kwa sababu ya kuonea.

Mapafu nayo yana historia ndefu. Ndege hupitisha hewa mapafuni kwa mwelekeo mmoja, ikisukumwa na vifuko vya hewa ambavyo hupenya hadi ndani ya mifupa. Matundu ambamo vifuko hivyo huingilia yanaonekana wazi kwenye pingili za uti wa mgongo wa theropodi wengi. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba hata mamba hupitisha hewa kwa mwelekeo mmoja, hivyo mzizi wa mfumo huu huenda ukawa wa zamani kuliko dinosaria wenyewe.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa kwa sababu zilitolewa na watu makini. Ya kwanza ni ya wakati: Velociraptor na Deinonychus waliishi baada ya Archaeopteryx kwa mamilioni ya miaka, sasa watakuwaje babu zake? Hawakuwa. Ni binamu, ukoo ulikwisha kugawanyika zamani. Hata hivyo ilibaki haja ya kuonyesha theropodi wenye sura ya ndege waliomtangulia, na Anchiornis, aliyetangazwa mwaka 2009, ana umri wa takriban miaka milioni 160. Ya pili ni ya vidole. Kwenye kiinitete cha ndege, vidole vitatu huchipuka mahali pa cha pili, cha tatu na cha nne, wakati dinosaria wa tawi hili walibaki na cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mwaka 1999 Günter Wagner na Jacques Gauthier walipendekeza kwamba maelekezo ya kuunda vidole yalihama nafasi moja wakati wa ukuaji, na mwaka 2011 majaribio ya Japani kwenye viinitete vya kuku yalionyesha kwamba kidole cha mbele kabisa cha bawa hakika hukua kama kidole cha kwanza.

Kuruka kwenyewe hakukuwa jaribio la mara moja. Yi qi, aliyetangazwa mwaka 2015, alikuwa na manyoya mwilini lakini bawa lake lilikuwa la ngozi, limeshikiliwa na kijiti kirefu kilichotokea kwenye kifundo cha mkono, karibu kama la popo. Tawi lake lilikufa bila mrithi. Kwa upande mwingine, mwaka 2025 wachunguzi wa China walieleza Baminornis, ndege wa umri wa takriban miaka milioni 150 ambaye tayari alikuwa na mkia mfupi wa kisasa. Maana yake ni kwamba Archaeopteryx, pamoja na sifa zote tunazompa, alipokuwa akiishi tayari kulikuwa na ndege waliomzidi kwa usasa. Mtu akiuliza basi mstari kati ya dinosaria na ndege upite wapi, wataalamu watampa majibu tofauti, na kila mmoja atakuwa na sababu. Mstari tunauchora sisi. Mifupa inapita chini yake bila kukatika.

Jiwe la angani lilipoanguka mahali paitwapo Chicxulub, Mexico, miaka milioni 66 iliyopita, liliwamaliza dinosaria wote isipokuwa tawi moja dogo la ndege. Ndege wengine wengi, wenye meno na wa mitini, walikufa pamoja na misitu yao. Walionusurika walikuwa wachache, wenye midomo isiyo na meno, na inaonekana wengi wao waliishi chini au kando ya maji. Mmoja wa jamaa zao wa mwisho kabla ya pigo hilo alitoka kwenye machimbo ya Ubelgiji karibu na Maastricht, ndani ya kipande cha jiwe ambacho kwa nje kilionyesha vijipande vichache tu vya mifupa ya miguu. Daniel Field na wenzake walikipitisha kwenye mashine ya CT, wakakuta ndani fuvu karibu kamili, mbele likifanana na la kuku na nyuma likifanana na la bata. Walimwita Asteriornis, wakamtangaza mwaka 2020. Umri wake ni takriban miaka milioni 66.7, na jiwe hilo lilikuwa limekaa kwenye hifadhi kwa karibu miaka ishirini kabla ya mtu kuamua kulichungulia ndani.